Fomu ya Watu Mashuhuri

Manispaa imeleta fomu.
Mitaa mipya ya Mitengo haina majina,
nguzo zimechimbiwa, vibao vimepakwa kijani,
vinasubiri.
*Taja mtu mashuhuri. Mwaka wa kuzaliwa.
Mchango wake kwa mji wa Mtwara.
Ambatisha picha, saizi ya pasipoti.*

Mimi karani tu, meza ya tatu toka dirishani,
kalamu yangu inavuja.
Nakaa kata ya Reli.
Wageni huniuliza: treni hupita saa ngapi?
Nawajibu: iling'olewa kabla sijazaliwa,
jina lilikuwa zito, wakashindwa kulibeba.

Nianze na Gaitani Mchopa.
Aliteremka toka Ndanda na shuka moja
enzi ya karanga, Waingereza walipofyeka pori
kwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta,
wakapanda karanga, wakavuna mahesabu.
Gaitani alishika bendera.
Kijani, pita. Nyekundu, ngoja kwanza.
Miaka kumi na mmoja hakuna behewa lililokwenda Ruo
mkono wake haujaliruhusu.
Picha? Ipo moja, kwa mjukuu wake, Chikongola.
Bwana injinia katikati, kofia, soksi hadi magotini;
hata mbwa wake katoka vizuri.
Kushoto kabisa, ukingoni, kiwiko.
Hicho kiwiko ndiye Gaitani.

Waliposema reli inakula hasara
(tulikuwa tumeshajitawala,
hasara tukairithi ingali ya moto)
wakampa barua na mkono wa kwaheri.
Akaendelea kuamka saa kumi na moja kasorobo,
akasimama palepale, kwenye tuta tupu, na bendera zake.
Majirani walimcheka: Mchopa siku hizi anaruhusu mbuzi.
Na mbuzi, nasikia, walingoja.

Halafu Somoe binti Likwata.
Mwaka wa kuzaliwa: wa nzige, yeye alisema hivyo.
Mchango: alipika.
Ugali wa muhogo, kisamvu, samaki siku ya mshahara.
Kuandika hakujua. Deni la kila mtu alilipiga fundo
kwenye uzi wa mkonge, kila mtu na uzi wake,
zikaning'inia jikoni kama mikia.
Wale waliokuja kung'oa reli
walikula kwake miezi minne, kwa mafundo.
Lori la mwisho linawaka, yuko mbele ya bampa,
anamsomea msimamizi, fundo kwa fundo, bila haraka:
sahani mia mbili na sita.
Msimamizi akajipapasa. Funguo. Pipi mbili za kifua.
"Basi nikatieni hicho
mlichong'oa kwa nguvu za ugali wangu."
Wakamkatia kipande, kimo cha mtoto wa darasa la kwanza.
Wawili wakakibeba hadi shuleni,
wa tatu akiwatania njia nzima.

Kipo mpaka leo, kwenye mkorosho
nyuma ya ofisi ya mwalimu mkuu,
kinagongwa kwa bolti.
Nilichelewa kwa sauti ile,
nikachapwa, nikanywa uji kwa sauti ile,
nikaokota korosho kwa siri na kuzitupa kwa sauti ile.
Sikujua kwamba nasikia deni linalipwa.

Mkuu wa idara amenirudishia fomu.
Wino mwekundu: *Kupika si mchango.
Kiwiko hakikubaliki.*
Akaniwekea orodha ya mwaka jana, ninakili:
mheshimiwa, mheshimiwa,
marehemu mheshimiwa,
mheshimiwa mstaafu na mkewe.

Ya pili nimeijaza kama ya kwanza.
Na ya tatu.
Kalamu inavuja, ndiyo,
lakini wino ni wa serikali.